Aliwaonyesha kinywe, wakamwekea uzio

Saa moja asubuhi katika kijiji cha Misiera, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, Apolline Wabiwa amepiga magoti mbele ya moto wa nyasi na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Ndani ya moto huo kuna vyungu alivyofinyanga wiki nzima. Anasukuma kinyesi kwa fimbo, anarudi nyuma, anajifuta macho kwa pindo la kitenge, kisha anasogea tena.

Mara unasikika mlio mkavu kutoka katikati ya moto.

"Moja imepasuka, mama," anasema Gisèle, mfinyanzi mwenzake aliyekuja kumsaidia kubeba nyasi.

"Nimesikia."

"Udongo ulikuwa mubichi?"

"Udongo ulikauka muzuri." Apolline anasukuma tena kinyesi kwa fimbo. "Miye najua juu ya nini inapasuka."

Sababu yenyewe haielezi. Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya mwandishi wa makala haya, aliyekuja kwa siku moja mwezi Mei mwaka huu wa 2015, akae Misiera karibu wiki nzima.

Moto wenyewe unawaka kwa ndimi ndefu, bila moshi wa maana. Anayejua kazi ya Apolline angeshangaa. Kwa miaka mingi moto wake ulijulikana kwa moshi mzito wa kukohoza, hata majirani walianua nguo zao wakimwona anabeba majani mabichi. Moshi ule ndio uliolinda weusi wa vyungu vyake, vyungu vilivyong'aa hadi mtu anajiona meno. Leo vinatoka vyekundu, vya kawaida, kama vya mtu mwingine yeyote.

"Hizi ni nyungu za kuchotea maji tu," anasema. "Si kazi yangu hii."

Kinachoifanya iwe kazi yake kiko mlimani, nyuma ya seng'enge.

Mlima huo si mkubwa. Unaonekana kutoka mlangoni pake, upande wa kuelekea Ngarama. Ubavuni mwake miamba imejipanga tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka hizo unapita mshipa mweusi, laini, unaopaka vidole. Ni kinywe, madini yale yale ya ndani ya penseli, ambayo siku hizi viwanda vinayatafuta kwa ajili ya betri. Wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani sana kilikuwa tope lenye mabaki ya viumbe, likafukiwa, likabanwa na kupikwa na joto la ardhi mpaka likawa hivyo lilivyo.

Apolline anakiita jiwe la kung'arisha. Analisaga, analichanganya na maji, anapaka chungu kilichokauka, kisha anakisugua kwa kokoto mpaka mkono unakufa ganzi.

"Halafu moto," anasema. "Ukiacha moto upumue, ile nyeusi inaruka, inaenda. Lazima uufunike na majani mabichi, moshi ukae ndani. Kama umechoka, ao uko na haraka, umepoteza."

Apolline ana umri wa miaka 51. Alizaliwa Fizi, Kivu Kusini, katika nyumba ya wafinyanzi. Vita ilipofika kijijini kwao mwaka 1996, alikimbia na mumewe na mtoto wao wa kwanza, Modeste. Waliishi Tanzania kwa miaka kadhaa, na mwaka 2002 wakafika Nakivale. Mumewe hakukaa sana. Alifariki kwa malaria mwaka uliofuata, akamwachia watoto watatu na kipande cha shamba chenye mawe kuliko udongo.

Mwaka 2004 alikuwa akikata nyasi za kuezekea kwenye ubavu wa mlima ule alipoteleza na kuanguka. Alipojiinua, kiganja chake kilikuwa cheusi na kinang'aa. Anasema alikaa pale pale chini akalia.

"Kwetu niliacha kila kitu, mpaka makaburi ya baba na mama. Halafu naona jiwe ya mama yangu, imelala tu, inaningojea."

Mtu mwingine angepafunika mahali pale kwa nyasi na kufunga mdomo. Apolline aliacha nyasi zake, akateremka, akawaita wafinyanzi wenzake wawili, Marthe na Viviane, akawapeleka siku hiyo hiyo. Kwao ndivyo ilivyo. Mahali pa udongo na mahali pa jiwe la kung'arisha hapana mwenyewe. Mfinyanzi mwenzako akikuuliza unatoa wapi, unaweka kazi chini na kumpeleka. Hata mgeni vilevile. Anayeficha, wanaamini, vyungu vyake vitapasuka motoni.

"Mama yangu alikuwa mukali kwa hiyo," anasema Apolline. "Siku moja nilimwambia mutoto wa jirani eti sijui. Mama alinichapa, halafu akanituma nimupeleke yule mutoto, nikiwa nalia vile."

Wanawake hao watatu walichimba kwa jembe la mkono. Kila mmoja alichukua karai moja alipokaribia kuchoma, basi. Vyungu vyeusi vikaanza kuonekana sokoni Kaberebere, na kutoka hapo vikafika Mbarara, kwa Jane Kobusingye, mwenye hoteli ya chakula karibu na stendi ya mabasi. Yeye huuza eshabwe, mchuzi mweupe wa samli ambao Wanyankore, wenyeji wa huko, hawaandai sherehe bila huo.

"Eshabwe kwa sahani ya plastiki haina heshima," Kobusingye alimwambia mwandishi, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko lake. "Kwa chungu nyeusi, mzee anakaa, anaangalia, anasema hii ni kama ya kwa mama yangu. Huyo mama Mukongo mikono yake ni ya ajabu, kweli."

Chungu cheusi kiliuzwa Mbarara kwa shilingi 15,000. Chekundu, Misiera, ni shilingi 3,000 kama mnunuzi ana huruma. Kwa vyungu vyeusi Modeste alimaliza sekondari, na nyumba ya Apolline ikapata bati.

Kisha, mwaka 2011, akaja mgeni.

Alikuwa kijana mjiolojia aliyenunua chungu Kaberebere, akakigeuza geuza, akaona weusi umebaki kwenye kidole chake. Akauliza kimetoka wapi. Akaelekezwa Misiera, akafika kwa pikipiki.

"Alikuwa na adabu," anakumbuka Apolline. "Aliniita mama. Alikunywa chai yangu, akasifu nyungu. Halafu akauliza, mama, hii nyeusi unatoa fasi gani?"

Apolline alifunika udongo wake kwa gunia bichi, akanawa mikono, akampeleka.

Hapo ndipo kosa lake lilipo, kama ni kosa. Alimpeleka kwa miguu yake mwenyewe, akamwonyesha kwa kidole, hata akamchimbia kidogo kwa jembe ili asichafue shati. Kijana akapasua mawe kwa nyundo ndogo, akatia vipande kwenye vifuko, akasoma kitu kwenye mtambo wake wa mkononi. Alipoondoka alimshukuru sana mama na kumwachia mche mmoja wa sabuni.

Mche mmoja wa sabuni! Mwandishi alimwomba aurudie mkasa huo ili ahakikishe hakusikia vibaya. Ulikuwa mche mmoja, wa bluu, na Apolline aliutumia kufulia.

Miaka ile bei ya kinywe duniani ilikuwa imepanda, na watu wengi walikuwa wakizunguka na nyundo. Mwaka 2012 kampuni moja ya utafutaji madini ilipanga vyumba mjini Mbarara na kuleta mashine ya kuchoronga miamba. Mitaro mirefu ilikatwa kuvuka ubavu wa mlima ili kuufuata ule mshipa. Mashine ikatoboa mashimo. Kisha ikaja seng'enge, na kibao cha Kiingereza ambacho Modeste alimsomea mama yake: hakuna ruhusa kuingia.

Wanawake walikwenda kuuliza. Wakaambiwa ni kwa muda, wavumilie.

Walivumilia. Apolline alitumia akiba ya jiwe iliyokuwa kwenye mtungi nyumbani, akiipima kidogo kidogo kama chumvi. Ilipokwisha, mwaka 2013, alichukua karai na jembe, akapita kwenye pengo la uzio.

"Sikuenda sawa na mwizi," anasema, na hapa sauti yake inapanda. "Nilienda muchana, jua iko juu, niko naimba. Mwizi anaimbaka?"

Walinzi walimkamata karai likiwa limejaa nusu. Meneja aliitwa. Alimwita mwizi wa madini mbele ya vibarua waliokuwa wakinywa chai na kula mihogo kwa Apolline kila asubuhi. Wakamfungia kwenye kontena la kuwekea vifaa, la chuma, juani, tangu saa nne mpaka jioni, bila maji. Walipomtoa, mlinzi mmoja aliamriwa amwage lile karai mbele yake.

"Balimwaga chini. Kwa ile ile mulima. Haikuenda hata popote! Balitaka tu nione."

Msomaji na afikiri kidogo. Kampuni yenye mashine ya kutoboa mwamba, yenye magari, yenye mikataba, iliogopa karai la mjane. Mawe yaliyotolewa na shimo moja tu la mashine ile, mengine bado yamelundikwa pale mpaka leo yakinyeshewa, yangemtosha Apolline maisha yake yote na ya wajukuu zake. Hakuna aliyeyahitaji. Bado ilibidi afungiwe kwenye chuma cha moto kwa ajili ya nusu karai.

Sasa sikia kilichofuata. Bei ikashuka. Mwaka jana kampuni ikarudisha vyumba vya Mbarara kwa wenyewe na kuondoa mashine. Haikufukia mitaro, ambayo mvua sasa inaigeuza kuwa madimbwi. Haikuondoa seng'enge. Iliacha na mlinzi mmoja, Bwengye, mtu wa Isingiro, anayekaa kwenye kibanda cha mabati na redio.

"Unalinda nini hapa?" mwandishi alimuuliza.

Bwengye alitazama uzio upande wa kushoto, akatazama upande wa kulia.

"Mimi nalinda waya," akajibu. "Madini iko chini, nani ataiba? Lakini bosi alisema hakuna mtu kuingia. Huyo nyabo, mama wa vyungu, namujua sana. Hata kwa nyumba yangu kuna chungu yake, bibi yangu anapenda. Lakini nikifungua, kazi yangu imeisha. Mimi pia iko na watoto, ssebo."

Aliyekuwa meneja alipatikana kwa simu baada ya kupigiwa mara nyingi. Hakuona tatizo lolote.

"Madini si ya yule mama, ni ya serikali, na leseni tunayo sisi. Bei ikipanda tutarudi," alisema. "Ukiruhusu kila mtu achukue kidogo, utashangaa."

Mwandishi alimuuliza kama anajua ni nani aliyewaonyesha mahali pale.

"Hakuna aliyetuonyesha. Mjiolojia wetu ndiye aliyeyagundua." Akakata simu.

Aliyagundua! Wanawake watatu wamechimba pale kwa miaka saba, njia ya miguu yao imechongeka kwenye majani hadi leo, halafu kijana aliyeshikwa mkono na kupelekwa, chai ya mwenyeji ikiwa bado tumboni, ndiye aliyegundua. Mwandishi amekuwa kwenye kazi hii muda mrefu na amesikia mengi, lakini hilo aliliandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Apolline alijaribu njia nyingine. Alijaribu masizi ya sufuria, yakatoka na maji. Mwaka jana mtu alimwambia kwamba ndani ya betri kuukuu za tochi mna kijiti cheusi cha namna ile ile. Akawa anazunguka madukani Misiera akiokota betri zilizotupwa, anazipasua kwa jiwe, anasaga vile vijiti pamoja na unga mweusi unaovizunguka. Ndiyo, kinywe kinatafutwa ili kitengenezewe betri, na mwanamke aliyekuwa nacho mlangoni akawa anakitafuta kwenye takataka za betri. Angekuwa mtu mwingine tungecheka.

Vyungu vya betri vilionekana vizuri. Alivipeleka Mbarara mwenyewe. Siku ya pili Kobusingye alimpigia simu: eshabwe imekuwa ya kijivu, wageni wa harusi wamesusa, na mzee mmoja ametapika.

"Nilimupenda, lakini nilirudisha zote," anasema Kobusingye. "Chakula si mchezo. Alisimama hapa hapa akilia, akasema sorry mama, sorry. Mimi nilitaka aseme mtu gani alimufungia mlima, nimutukane yeye."

Sasa Kobusingye anapakulia kwenye bakuli za plastiki kutoka dukani, na Apolline anachoma vyungu vya maji.

Hayo yote yanaudhi, lakini bado hayaelezi maneno aliyoyasema asubuhi ile mbele ya moto. Aliyaeleza siku mbili baadaye, Gisèle akiwa ameondoka. Aliingia chumbani, akavuta kitu kutoka chini ya kitanda, akafunua nguo iliyokifunika.

Kilikuwa chungu kidogo, cheusi, kinachong'aa mpaka dirisha likaonekana ndani yake.

"Cha zamani?" mwandishi aliuliza.

"Cha mwezi wa tatu."

Kumbe mvua za mwaka huu zilikata kilima kingine, na Apolline, akitafuta kuni, aliona mstari mweusi. Ni mwembamba, hautoshi mashine, lakini unawatosha wafinyanzi. Alichimba kidogo, akafukia mahali hapo, akatengeneza chungu kimoja ili kuona kama mkono wake bado unajua. Unajua. Ila hajakipeleka popote.

"Nikikiuzisha, batauliza. Bakiuliza, nitasema nini? Ile siku nyingine niliulizwa, nikasema, na ukaona."

"Na wenzako?"

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. Marthe na Viviane aliwaambia. Lakini Gisèle ni mgeni. Alifika mwaka jana kutoka Fizi na watoto wawili, naye ni mfinyanzi, mtoto wa mfinyanzi. Wiki ya kwanza tu alikuja kwa Apolline akauliza swali ambalo kila mfinyanzi wa kwao huuliza: mama, jiwe la kung'arisha unatoa fasi gani? Wakati huo Apolline alimjibu kwamba liliisha, na ilikuwa kama kweli. Mwezi wa tatu Gisèle aliona weusi kwenye kucha zake, akauliza tena.

"Nikamwambia ni masizi," anasema Apolline. "Aliniangalia. Alijua. Mufinyanzi hawezi kudanganywa na masizi. Kesho yake akakuja kunibebea nyasi. Toka siku ile nyungu zinapasuka, moja, mbili, kila moto. Najua juu ya nini."

Mtu anaweza kusema ni unyevu wa msimu, au ni kinyesi kibichi. Huenda. Apolline hataki kusikia habari ya unyevu. Kwake hesabu iko wazi: aliulizwa na mwenzake, akaficha.

Kinachokera kuliko uzio, kuliko kontena, kuliko hata ule mche wa sabuni, ni hiki. Walimkuta mwanamke asiyejua kuficha, wakamfundisha. Seng'enge inaweza kung'olewa kwa siku moja. Hili jingine nani ataling'oa?

Mipango anayo. Yeye, Marthe na Viviane wameunda kikundi, na wamewaomba viongozi wa kijiji wawasemee. Hawadai mlima. Hawadai sehemu ya faida ya kampuni ambayo yenyewe imeondoka. Wanaomba mlango mmoja kwenye uzio, ufunguliwe siku moja kwa wiki, mchana, mlinzi akitazama, kila mfinyanzi aingie na jembe na karai lake. Bwengye mwenyewe anasema angeufungua kwa furaha kama angetumwa. Kobusingye amesema siku vyungu vyeusi vikirudi, yeye ndiye atakuwa wa kwanza, na zile bakuli za plastiki atawapa kuku wanywee.

"Nataka nipite pale muchana tena, nikiimba," anasema Apolline. "Ni hiyo tu."

Siku ya mwisho ya mwandishi Misiera, Apolline alikuwa amewasha moto mwingine. Gisèle alifika na mzigo wa nyasi kichwani, akautua. Apolline alirudi nyuma kutoka motoni. Kisha akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na karai na jembe.

"Gisèle. Uliniuliza ile jiwe, nikakudanganya."

Gisèle alikung'uta nyasi kwenye kitenge chake. "Najua, mama."

"Nilikuwa na woga."

"Ile nayo najua."

"Basi, kuja."

Mwandishi aliinuka, akachukua daftari lake ili awafuate. Apolline aligeuka na kumwekea kiganja kifuani, taratibu, kama anavyoshika chungu kibichi.

"Weye bakia, baba. Si kwa ubaya. Andika ya kwamba jiwe iko, usiandike fasi. Bale bakubwa benye kusoma gazeti, kama banataka niwaoneshe tena, bafungue kwanza ule mulango."

Akamkabidhi fimbo ya kuchochea. Akamwonyesha upande ambao upepo unaingilia, akamwambia aweke kinyesi kidogo kidogo, asiwe na haraka. Wanawake wawili wakaondoka kwa njia ambayo makala haya hayataitaja, mmoja akiwa na karai, mwingine jembe begani.

Mwandishi alibaki na moto, akisikiliza kama kitapasuka kingine.